Mkono wa Zebiniso Mdomoni mwa Tanuri

Mungu amrehemu Zebiniso, aliyeoka mikate katika mji wa Istaravshan miaka thelathini na moja. Wengi waliomzika wanaikumbuka mikate yake. Wachache wanajua kuwa kipupwe kimoja mkono wake ulimgomea.

Alikuwa ameinama ndani ya tanuri, akibandika mkate kwenye ukuta wake wa ndani uivie hapo, cheche ikamchoma kiwiko. Akashtuka, mkate ukamponyoka, ukaungua makaani mbele ya macho yake. Kidonda kilipona kwa wiki mbili. Kilichobaki ni ule mkate. Kwao mkate hauwekwi hata kifudifudi, seuze kuachwa uteketee. Tangu hapo, kila alipofika mdomo wa tanuri, mkono ulikwama kana kwamba umeshikwa. Akatubu, akafunga siku tatu. Wapi.

Na uchumba wa bintiye Munira ulikuwa umebakiza wiki tano. Uchumba hufungwa kwa kuvunja mkate, na nyumbani mwao mkate huo huuoka mama wa binti.

"Tutanunua sokoni," akasema mama mkwe wake, Bibi Hosiyat.

"Munira haposwi kwa mkate wa sokoni, mama."

Sanavbar, msomi wa saikolojia na binti wa kaka yake, alipokuja kumjulia hali alimwuliza jambo moja. "Shangazi, mkono unakwama wapi hasa?"

Zebiniso akamwonyesha: shubiri moja ndani.

"Basi tuanzie hapo. Mkono umejifunza woga, utajifunza na kuuacha. Tanuri likiwa baridi, uingize mpaka unapokwama, usiutoe mpaka moyo utulie. Kesho yake sogeza vidole viwili. Halafu uangushe mikate makusudi, uzoee."

"Mkate siangushi makusudi. Hilo usinitajie tena."

Zebiniso mwenyewe ndiye aliyepata njia. Alichukua udongo wa kuzibia nyufa za tanuri, akaukanda, akaufinyanga kama mikate. Udongo ukianguka hauna dhambi.

Kila siku baada ya sala ya alfajiri alikuwa pale, akibandika, akiangusha, akiokota, akibandika tena.

"Leo tunakula nini, mke wa mwanangu?" Bibi Hosiyat akamchokoza. "Matofali?"

"Lako nimelitia ufuta, mama."

Wiki ya kwanza tanuri lilikuwa baridi, ya pili vuguvugu. Siku ambayo moyo haukutulia, hakusogea hata kidole. Sanavbar alimkataza kuruka hatua, naye alitii huku roho ikimuuma, maana siku zilikuwa zinayoyoma. Wiki ya nne aliwasha moto kamili, na udongo ukashika.

Asubuhi ya uchumba akakanda unga wa kweli. Akasema bismillahi. Mikate mitano ikashika. Wa sita ukateleza, ukaanguka makaani.

Zebiniso akauopoa kwa koleo, akaubusu upande usioungua, akauweka juu ya ukuta wa ua wapate ndege. Akamwomba Mola msamaha kwa sauti ndogo, akachukua donge la saba.

"Mama, pumzika, nibandike mimi," Munira akasema.

"Sogea, mwanangu, unanizibia mwanga."

Mkono ukaingia mpaka begani, ukakaa, ukatoka mtupu. Mkate ulikuwa umeshika ukutani. Adhuhuri, wazee wa pande zote mbili waliposhika mkate na kuuvunja, Zebiniso alikuwa bado tanurini, akibandika wa ishirini na tatu.