Hendeli ya Mama Oswald

Mzee Laurian wa Nangara alimzika mkewe Leonia, Mama Oswald, mwezi wa tatu. Matanga yalipoanuliwa, ndugu wa marehemu wakagawana vitu vyake, kama ilivyo desturi. Vitenge vikaenda kwa dada zake. Sufuria kubwa ikaenda kwa mkwe. Jembe akalichukua shemeji mmoja aliyesema lilikuwa lake tangu zamani. Mzee hakuulizwa, naye hakusema.

Kikabaki chuma kimoja kilichopinda mara mbili, chenye kishikio cha mti, kimeviringishwa kitambaa chini ya godoro. Hakuna aliyekitaka kwa kuwa hakuna aliyekijua. Laurian mwenyewe hakukijua. Akakijaribu kwenye mlango wa banda la mbuzi, kikaingia katika zile pete mbili sawasawa. Kikawa komeo.

Siku moja asubuhi akaja Rehani. Huyu zamani aliuza vipuri mjini, kisha akaacha, akafungua uwanja pale Bagara kando ya barabara ya Singida. Ndani yake alipanga mashine kuukuu za muziki, zile za kuzungusha na za kukanyaga, na nje akatundika bango: KARIBU USIKILIZE VYUMA. Wakati huo Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya bado, na watu waliokuja kuanza kazi katika ofisi mpya walilisoma bango hilo kabla hawajapata chumba cha kupanga. Laurian alikuwa amepita hapo miaka kumi na moja bila kugeuza shingo. Mara moja tu alimwambia mkewe, "Hiyo ni kazi ya watu walioshiba."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Pole sana na msiba."

"Tumeshapoa."

Rehani akatupa macho bandani.

"Mzee, hilo komeo."

"Limefanya nini?"

"Ni hendeli ya nyani wangu."

Laurian akawatazama mbuzi, kisha akamtazama mgeni.

"Nyani."

"Wa bati, mzee. Wako sita, juu ya sanduku. Ukizungusha hendeli wanapiga ngoma. Lakini springi imezeeka. Ukizidisha inakatika, ukipunguza wanasinzia katikati ya wimbo. Mkono ulioijua ni wa Mama Oswald. Mizunguko kumi na tisa, anaacha. Nikamwambia aondoke na hendeli, wateja wasije wakaniharibia. Kila Jumamosi anakuja nayo."

"Jumamosi alikuwa anakwenda sokoni."

"Sokoni alipita, mzee. Halafu anakuja kwangu."

Laurian akakumbuka nyanya za Jumamosi, zilivyokuwa zinafika nyumbani jioni zimepondeka. Alikuwa akilaumu bajaji.

"Sasa tangu mwezi wa tatu nyani wamekaa kimya," Rehani akasema. "Nimekuja kuiomba."

"Mbuzi watatoka," Laurian akasema.

Mbuzi walikuwa wanne, na kamba zilikuwepo. Ila katika nyumba ile hakikubaki kitu kingine ambacho mkono wa Leonia ulikishika. Rehani hakuambiwa hayo, lakini si mtu wa kuambiwa kila kitu.

"Basi Jumamosi njoo nayo mwenyewe," akasema. "Ukishazungusha unarudi nayo."

Jumamosi Laurian akavaa koti la kanisani, akaiweka hendeli mfukoni, akatembea hadi Bagara. Mke wa Rehani, Anifa, akamtolea kiti na chai. Pale palikuwa na gramafoni yenye tarumbeta pana kama beseni. Palikuwa na kinanda cha kukanyaga ambacho kuku alitagia ndani, kwa hiyo sauti nne zilipumzishwa mpaka vifaranga watoke. Palikuwa na saa ambayo ndege wake alitoka wakati wowote alioona unafaa.

"Na hao ndio nyani," Anifa akasema.

Laurian akachomeka hendeli, akazungusha taratibu, akihesabu kwa midomo. Ya kumi na tisa akaacha.

Nyani wakaamka. Mmoja akapiga ngoma, wawili wakagonganisha vibati, wa nne akacharaza zeze lisilo na nyuzi, wa tano akatikisa njuga. Wimbo ukaenda kwa kuchechemea, kama mtu mwenye mwiba. Nyani wa sita, wa pembeni, alikaa tu, mikono magotini.

"Huyu hafanyi kazi?"

"Subiri, baba."

Wimbo ukaisha. Vyote vikatulia. Ndipo yule wa sita akageuza kichwa polepole, akafungua mdomo, akaufunga. Hakutoa sauti yoyote.

"Ameharibika hivyo tangu tumpate," Rehani akasema.

"Mama Oswald alikuwa anacheka mpaka anashika nguzo," Anifa akasema. "Alimpa na jina."

Rehani akamkazia macho mkewe.

"Jina gani?" Laurian akauliza.

Anifa akaangalia chini. "Baba Oswald."

Mke kumpa nyani jina la mumewe, kwao Laurian wazee wangekaa kikao, na mbuzi mmoja angeliwa. Laurian akamtazama yule nyani kwa muda mrefu. Chai ikapoa.

"Akigeuka hivyo, alikuwa anamwambiaje?"

"Alikuwa anamwambia, 'Haya Baba Oswald, nimekusikia.'"

Laurian akatikisa kichwa, kama mtu aliyeelezwa bei ya mahindi.

"Niwazungushe tena?"

"Springi itachoka, mzee. Mpaka Jumamosi ijayo." Rehani akajikohoza. "Wala usihangaike kuibeba. Iache hapa, mimi nitaitunza."

"Yeye alikuwa anarudi nayo," Laurian akasema.

Akaichomoa, akaifuta kwa pindo la koti, akaitia mfukoni. Njiani akapita sokoni akanunua nyanya, akazitia mfuko mmoja na hendeli. Zilifika Nangara zimepondeka, ingawa hakupanda bajaji. Akazipika hivyo hivyo.

Siku hizi Jumamosi mbuzi hufungwa kwa kamba. Jioni komeo hurudi mahali pake.