Siku Tuliyomuuliza Zabibu Maneno ya Wimbo Wake

Enzi zetu, ninyi mliokulia Uvira mnajua, redio haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya nyumba, na nyumba ilikuwa ya Mama. Yetu ilifungwa kwa mpira wa baiskeli ili mapile, yaani betri zake, yasidondoke. Mapile yakichoka tuliyaanika juani kwenye bati, pamoja na ndagala wa kitoweo, kwa hiyo yakirudi kazini redio nzima ilinuka samaki. Orkestra Sabuni waliingia maishani mwetu na harufu hiyo.

Sura zao tulizijua kwa kalenda iliyotundikwa kwa kinyozi: vijana watano wa suruali nyeupe, na mbele yao Zabibu, mwimbaji wao wa kiume, ameruka juu, miguu haigusi chini. Mimi na dada yangu Feza tulisimama mlangoni kumtazama mpaka kinyozi akatuuliza kama tunanyolewa au tunapita. Feza akasema ananyolewa, ili tu akae karibu na kalenda. Alirudi nyumbani kichwa kinang'aa kama yai. Mama akashika kiuno. "We mutoto, nani amekufa?"

Wimbo wao mkubwa ulituchonganisha. Kiitikio kilikuja kwa kasi, redio ikikwaruza, nami nilisikia wazi kabisa: "Kaka iko nyumbani, ee!" Feza akasikia: "Kuku iko nyumbani, ee!"

"Nani anaimbia kuku?" nilimuuliza.

"Na sisi kaka yetu iko wapi? Hatuna hata moja!"

Tulibishana tukiruka kamba, tukabishana tukitwanga majani ya sombe. Mama, kiongozi wa koral ya kanisa, alisikia kitu kingine. "Muzime! Munaimba matusi!" Matusi gani, hakutuambia kamwe, na ameondoka duniani nayo.

Baadaye tulikimbia vita, kama mlivyokimbia. Tukafika hapa kambini Dzaleka, Malawi, tukaweka cherehani zetu mbili chini ya bati moja, tukaendelea pale tulipoachia. Wateja walikuja kupima nguo wakaulizwa kwanza: kaka au kuku? Waliosema kaka walishonewa na mimi.

Mwaka huu Feza akapata safari ya kuhamia Kanada. Wiki hiyo hiyo likabandikwa tangazo: Orkestra Sabuni, Jumamosi mchana, ukumbi wa harusi, Mchesi, mjini Lilongwe. Feza akaweka mkasi chini.

"Siendi Kanada bila kujua," akasema. Wala hakuwa anatania. Nami nilijua kuwa ndiyo matembezi yetu ya mwisho.

Nilishona magauni mawili ya njano yanayofanana. Usafiri tuliopata ni gari la jirani anayepeleka kuku sokoni Lilongwe, tukakaa nyuma kati ya matundu. Feza alicheka njia nzima. "Unaona? Njo alama!" Tulishuka Mchesi na manyoya kichwani. Mlinzi wa mlangoni, Mmalawi mpole, alitushukuru kwa "zikomo" akatufungulia mlango wa wacheza ngoma. Tukarudi nje kupanga mstari kama watazamaji wengine.

Ukumbi ulijaa watu wa umri wetu, wanawake wa vitenge na wanaume walioingiza shati ndani kwa ajili ya Zabibu. Vijana walikuwa wachache, wamesimama pembeni na simu zao, wakingoja jambo litokee. Kati ya wale wa kalenda walibaki wawili, Zabibu na mpiga gitaa, na kinanda kilipigwa na mkwe wa mmoja wao. Zabibu aliingia na kiti chake cha plastiki mkononi. Akakaa. Ilipofika sehemu ya kuruka, alisimama polepole akishika mgongo, na ukumbi ukalipuka kwa vifijo kana kwamba amegusa dari.

Kisha kiitikio kikaja, sote tukaimba. Mungu wangu! Upande wetu kaka, nyuma yetu kuku, Warundi waliokaa dirishani wakiimba kwa Kirundi kitu kuhusu mguu unaouma. Zabibu akainua mkono, muziki ukakatika.

"Samahani," akasema. "Munaimba nini?"

Feza alikuwa ameshasimama juu ya kiti. "Papa Zabibu! Mi naenda Kanada. Sema kweli mbele ya bantu: ni kaka ao ni kuku?"

Mzee alimtazama mwenzake wa gitaa, naye akatazama sakafu.

"Mama," akasema Zabibu, "siku ya kurekodi maneno yalikuwa hayajaandikwa, na fundi wa studio alitaka kufunga. Nikafungua kinywa tu. Ile haiko luga."

Kinanda kiliendelea kuvuma chenyewe. Halafu mama mmoja mnene akasimama mbele. "Haiko luga? Mi kanisa ilinisimamisha juu ya ile wimbo!"

Zabibu alimwomba radhi kwa mikono miwili. Akatuomba tuimbe, kila mtu na yake, yeye atatufuata. Basi tukaimba mpaka jasho likatuosha podari, na mzee alihama kutoka kaka kwenda kuku kwenda mguu bila kuona haya. Feza alinishika shingo, akiniimbia kuku sikioni, machozi yakimtiririka. "Nimeshinda," akasema, "kwa sababu mi nimeimba kwa nguvu."

Nyumbani wapwa zangu, watoto wa Feza, waliuliza video iko wapi. Hatukupiga. Simu ilikuwa ndani ya sidiria ya Feza muda wote. Wakatutazama kama watu waliosema wamekula nsima na rais. Watoto wa leo, jambo lisiloonyeshwa kwenye kioo halikutokea, na wakitaka maneno ya wimbo wanayabonyeza, yanakuja sahihi, mambo kwisha.

Feza na wanawe walipanda basi la wasafiri wa Kanada, yeye amevaa lile gauni la njano. Zamani tulikuwa na redio moja inayonuka ndagala, na hatukuweza kusikia mstari mmoja bila kugombana. Leo simu yangu ina nyimbo zote za Orkestra Sabuni, safi, hazikwaruzi. Naziweka nikishona. Kiitikio kikifika naimba "kaka iko nyumbani" kwa sauti yote, kisha nasimamisha mguu kwenye cherehani nikingoja kidogo. Hakuna anayenibishia.