Shimo la Vidole Viwili

Seremala huyu watu walimwita Hapaonekani, na jina alijitakia mwenyewe. Kila akimaliza kuziba tundu kwenye mlango wa mtu, humtaka mwenye nyumba apitishe kiganja atafute palipokuwa na tundu. Mtu atapapasa weee, mwisho atacheka na kusalimu amri. "Hapaonekani," fundi hujibu, kichwa kimevimba kidogo. Tumsamehe, maana kazi yake ilikuwa safi kweli.

Kwake mwenyewe mambo yalikuwa mengine. Mkewe alipopooza miguu, kiti chake cha magurudumu kilipita mlango wa chumbani kwa taabu, na kile chuma cha kuwekea miguu kiligonga ubao palepale kila asubuhi. Ulianza mchubuko, likaja shimo la kuingia vidole viwili.

"Nimekuharibia tena mlango wako, baba watoto."

"Gonga tu. Nitaziba kesho."

"Kesho yako naijua. Milango ya watu inang'aa, wa kwako kibogoyo."

Wakacheka hivyo miaka miwili, kisha mke akafa. Kiti kilirudishwa kwa waliowaazima, nguo wakagawana dada zake. Shimo likabaki. Kila asubuhi mzee alipotoka chumbani aliinama, akatia vidole viwili humo na kusema, "Umeamkaje, mama watoto?" Ndipo siku yake ianze. Hakumwambia mtu, aliona haya.

Mwezi wa pili baada ya mazishi binti yao alikuja kumtazama. Akasimama mbele ya ule mlango, machozi yakamlengalenga.

"Baba, kila nikiliona hili shimo namwona mama anavyohangaika kupita. Liondoe, nakuomba."

Angesema neno moja tu, binti angemwelewa. Lakini mzee mzima ataanzaje kumwambia mwanawe kwamba husalimiana na shimo? Akaenda kuchukua vifaa.

Alikwangua mbao zilizochanika. Alichanganya unga wa mbao na gundi, akajaza, akaacha pakauke. Mchana akapiga msasa. Moyoni alikusudia kuacha kibonyeo kidogo cha siri ambacho vidole vyake tu vingekijua. Mikono ikamkatalia. Kwa miaka arobaini ya useremala haikuwahi kumwachia mtu kazi nusunusu, na msasa ulikwenda wenyewe, polepole, mpaka ubao ukawa sawasawa. Akamalizia kwa vanishi. Roho ilimuuma kuona ilivyokubali vizuri.

Jioni binti alipitisha kiganja, akatafuta, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Kweli baba, hapaonekani."

Mzee akakusanya vifaa vyake.

Kesho yake binti aliondoka alfajiri. Mzee alipoamka aliinama mlangoni kama kawaida yake, vidole viwili mbele. Vikagonga ubao. Akapapasa juu kidogo, akapapasa chini. Akapiga magoti akatafuta kwa kiganja kizima, taratibu, kama walivyokuwa wakitafuta wenye nyumba wote wale. Hakupaona.