Mama Plastiki na Shahada ya Binti Yake

Jirani yangu alikuwa na mashine tatu dukani: ya kuchapa, ya fotokopi na ya kupiga plastiki. Mbili za kwanza alizitumia kwa sababu wateja walizitaka. Ya tatu aliipenda. Karatasi yoyote iliyoingia dukani wakati hana kazi ilitoka imevaa plastiki. Alipiga plastiki ratiba ya maji, kalenda ya mwaka uliopita na kadi za kliniki za wajukuu wa dada yake. Mtu mmoja alipotelewa na mbuzi akaleta tangazo la kubandika mlangoni, nalo likapigwa plastiki ili mvua isilifute. Mbuzi alipatikana wiki ileile. Tangazo lilikaa mlangoni miaka minne, na watu walikuwa bado wanapiga simu kuuliza habari zake.

Watu walimwita Mama Plastiki, naye aliitika bila kinyongo.

Meza yangu iko nje ya mlango wake, chini ya paa lilelile. Kazi yangu ni kujazia watu fomu. Tumegawana kivuli kwa miaka kumi na saba, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho, na ambayo sikuyaona nilisimuliwa siku hiyohiyo, kabla hayajatiwa chumvi.

Mapenzi yake kwa plastiki yalikuwa na sababu. Alimaliza shule ya msingi akiwa wa kwanza darasani, akapewa cheti, cheti kikawekwa kwenye sanduku chini ya kitanda. Miaka sita baadaye alisikia kuna nafasi ya ukarani. Alipofungua sanduku, mchwa walikuwa wamekwisha kupita. Walimwachia jina la shule, sahihi ya mwalimu mkuu na herufi tatu za jina lake. Alikwenda navyo hivyohivyo kwenye usaili, na yule mkubwa wa ofisi akamwuliza kama amekuja kuomba kazi au dawa ya wadudu. Alipokuja kununua mashine, aliapa kwamba karatasi ya mwanawe haitaliwa na mdudu yeyote.

Mwana mwenyewe ni mmoja, binti, na sisi sote tunamwita Mwalimu, hata mama yake. Anafundisha hisabati sekondari. Siku alipohitimu chuo kikuu, wageni wakiwa bado wanakula, mama mtu alitoweka akiwa na gauni lake jipya. Alirudi baada ya nusu saa, jasho likimtoka, ameshika shahada iliyopigwa plastiki. Kwa kuwa hakuiamini mashine peke yake, aliipitisha mara mbili. Ilitoka ngumu kama sinia. Ilitundikwa sebuleni, na hakuna mgeni aliyeingia nyumba ile akatoka bila kuonyeshwa.

Miaka saba baadaye Mwalimu alipata kazi ya kufundisha nje ya nchi. Shule ilimtumia barua ya kumkubali na masharti ya viza. Shahada halisi ipelekwe wizarani ikagongwe muhuri wa uthibitisho, kisha ipelekwe ubalozini pamoja na hati nyingine. Vyote viwe ubalozini kufikia tarehe ishirini na nane, la sivyo nafasi apewe mwingine. Barua ilifika tarehe kumi na saba. Nilimjazia fomu asubuhi yake, na mama mtu akasimama nyuma yangu kuangalia kama nimeandika vizuri.

Mwalimu alirudi kutoka wizarani saa nane mchana. Hakuingia dukani. Alikaa kwenye kiti changu cha wateja, akanieleza kwa sauti ya chini. Afisa alikuwa amegonga muhuri nyuma ya shahada, muhuri ukateleza, na wino ukabaki juu kama maji kwenye jani la mgomba. Akagonga tena. Mwishowe akatoa leso mfukoni, akaufuta muhuri wa serikali kama anayefuta meza, akamrudishia shahada yake. Muhuri unataka karatasi, alisema, na hii si karatasi tena.

Nilimwuliza kama chuo hakiwezi kutoa nyingine. Alikuwa amekwisha kupiga simu. Shahada hutolewa mara moja. Iliyopotea hutolewa nakala baada ya kiapo, tangazo gazetini na miezi mitatu.

"Mjomba, naomba mama asijue," alisema. "Nitatafuta njia."

Mama alijua kabla ya jioni, kwa sababu leso haikufika pembeni na yeye huikagua plastiki yake kama mtu anayekagua mchele. Aliona alama ya buluu, akauliza ni nani aliyechezea wino. Mwalimu akamweleza polepole, hatua kwa hatua, jinsi anavyowaeleza wanafunzi wagumu. Mama Plastiki alisikiliza mpaka mwisho. Halafu alikwenda akazima mashine ya plastiki, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya kabla ya saa kumi na moja.

"Tuseme imepotea," alisema.

"Imepotelea wapi, mama? Mtaa mzima umeiona ukutani."

"Basi imeibiwa."

"Mwizi aache televisheni achukue shahada ya hisabati?"

Nami niliongeza kwamba kiapo ni kiapo, na kwamba fomu ya kiapo cha uongo sitaijaza. Mama Plastiki akasema hajawahi kuona karani anayekataa kazi, lakini hakulirudia jambo hilo.

Kesho yake alifunga duka nusu mlango na kuanza kutafuta namna ya kubandua alichobandika. Kwa miaka yote ile hakuwahi kumvua mtu plastiki. Aliazima pasi kwa fundi cherehani wa mlango wa pili, akavua ukutani kila kilichokuwa na plastiki, akakipanga mezani kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Aliniomba niandike kila jaribio, pasi ya moto kiasi gani, amevuta kuanzia wapi, na kimetokea nini.

Ratiba ya maji ilipasuka vipande viwili. Kalenda ikaungua mwezi wa tatu. Kadi ya kliniki ilibanduka vizuri, ila uzito wa mtoto ukabaki kwenye plastiki na karatasi ikatoka na jina la mama peke yake. Tangazo la mbuzi liligawanyika kwa haki: mbuzi alikwenda na plastiki, namba ya simu ikabaki kwenye karatasi.

Fundi cherehani alikuwa ameegemea mlango tangu asubuhi. Wanataniana miaka mingi, na siku ile alipata sikukuu.

"Ulivalisha mtaa mzima," alimwambia. "Leo unauvua. Una bahati hukuwa fundi nguo."

"Wewe umeshona suruali ngapi zikachanika mtu akiwa ameketi?"

"Nyingi. Ndiyo maana najua kufumua."

Kwa utani huohuo akatoa la maana. Alisema mama anavuta vibaya. Anayefumua mshono hashiki kitambaa akakivuta, anashika uzi. Karatasi ilale kabisa mezani, ikandamizwe kwa rula, na plastiki ndiyo izungushiwe penseli na kukunjwa kidogokidogo, kama mtu anayekunja mkeka. Mama Plastiki alimwambia anyamaze, kisha akafanya kama alivyoambiwa. Jaribio la sita lilikuwa bora kuliko la tano. La tisa halikupasua kitu, lakini maandishi bado yalihama na plastiki.

Siku ya nne, tarehe ishirini na mbili, alikwisha kumaliza vya kwake na kuanza kuazima vya majirani. Mkono wake wa kulia ulikuwa na malengelenge mawili. Mwalimu alitoka shuleni, akachukua orodha yangu, akaisoma akiwa na kalamu mkononi kana kwamba anasahihisha. Nilikuwa nimeandika kila jaribio kwa sehemu mbili, mbele na nyuma. Mbele ilisomeka imefutika, imefutika, imehama. Aliposhuka na kidole upande wa pili, tangu jaribio la sita kote nilikuwa nimeandika neno moja: safi.

"Mama, afisa aligonga nyuma," alisema.

Mama Plastiki hakuelewa. Mwalimu akageuza shahada. Nyuma haina maandishi hata nukta. Hakuna cha kuhama. Mbele ibaki imevaa plastiki yake, nyuma ivuliwe peke yake.

Fundi cherehani alisema hata yeye alikuwa karibu kulisema hilo.

Ilibaki kuamua nani afanye. Mama alisema mkono wake una malengelenge, afadhali fundi. Fundi akarudi nyuma hatua mbili, akasema yeye pasi yake ni ya suruali. Mwalimu aliweka shahada mezani mbele ya mama yake.

"Wewe ndiye uliyeivalisha. Wewe uivue."

Alianza saa tisa na dakika kumi. Tabaka la juu liliondoka kwa robo saa. La pili, lililoshika karatasi yenyewe, alilipitishia pasi juu ya kitambaa, akakunja upana wa ukucha, akapumzika, akapasha tena. Mteja wa fotokopi alichungulia, akatuona wanne tumeinama, akavua kofia na kuondoka. Karibu na pembe ya chini karatasi iliinuka manyoya mahali padogo, kama punje ya maharage. Mama Plastiki akageuza upande wa kuvuta, ikatulia. Saa kumi kasoro dakika tano plastiki yote ilikuwa imezunguka penseli. Aliweka kiganja nyuma ya shahada, akakiacha hapo kidogo.

Asubuhi iliyofuata mama alikwenda na Mwalimu wizarani. Afisa yuleyule aliipokea shahada, akaitazama mbele, akaitazama nyuma, akarudia. Alisema sheria inakataa hati zenye plastiki. Mwalimu akamwonyesha karatasi. Alisema anaona karatasi na plastiki kwa pamoja, na hilo halimo kwenye mwongozo wake. Watu walianza kujaa nyuma yao. Hapo mama mtu akasogea dirishani.

"Wewe gonga upande wako, mwanangu," alimwambia. "Ule mwingine ni wangu."

Afisa alimtazama. Kisha akauchovya muhuri kwenye wino, akaugonga, akaunyanyua. Ulishika wote, mpaka mkia wa mnyama aliye kwenye nembo. Alipuliza, akagusa kwa kidole, akauliza ni fundi gani aliyefanya kazi hii, kwa sababu kila wiki huwarudisha watu watano au sita wenye shahada kama sinia, na wengine hulia hapohapo dirishani. Mwalimu akamwonyesha mama yake. Afisa akaandika namba ya simu ya mama kwenye karatasi, akaibandika kwenye kioo upande wa wateja.

Hati zilifika ubalozini tarehe ishirini na tano. Mwalimu aliondoka mwezi uliofuata na shahada yake kwenye bahasha ngumu, nyuma imejaa mihuri mitatu. Siku hizi mama yake hunisomea jumbe zake wakati wa chai, akiruka sehemu zenye mapenzi.

Mteja wa kwanza kutoka wizarani alikuwa muuguzi mmoja, mpole, aliyetembea mtaa mzima akiuliza ni wapi wanapobandua plastiki. Alisema cheti chake kiliharibiwa na mjinga mmoja miaka kumi iliyopita, hata hakumbuki ni duka gani. Mama Plastiki alikipokea, akakigeuza. Pembe zilikuwa zimekatwa mviringo, jinsi anavyokata yeye peke yake hapa mtaani. Alimvutia kiti, akamwambia watu wengine kweli hawana akili, akaingia ndani kutafuta pasi. Alipopita mezani kwangu alinikanyaga mguu, kunionya nisije nikaandika.