Damu Iliyokorogwa

Ng'ombe wetu mwekundu alikuwa amepandikizwa kiinitete cha ng'ombe wa maziwa, na mimi nilikuwa nimeshapanga jina la ndama. Daktari wa mifugo wa Homa Bay aliniambia alikichagua kwa darubini, kile kilichokuwa duara kuliko vingine. Lakini macho, alisema, hayaoni kila kilicho ndani. Ndiyo maana wiki tano baadaye alirudi kwetu, kule Migori karibu na mpaka, akamtoa ng'ombe damu. Kiinitete kikiwa hai hutoa protini yake, nayo huingia katika damu ya mama. Akaniachia kichupa: nisikitikise, damu igande, na maji ya manjano yakielea juu nimpelekee kesho yake.

Baba alikuwa ameishiwa na subira, maana ng'ombe huyo alikuwa na miaka miwili bila kuzaa. Kama hana kitu tumboni, alisema, Ijumaa anakwenda mnadani. Na mnadani wanunuzi ni wachinjaji.

Asubuhi nilikuta damu laini, nyekundu tupu. Nyanya alikuwa ameiona inaganda, akadhani inaharibika, akatuhurumia. Kwetu Wakuria damu ya ng'ombe hukorogwa kwa kijiti ili isigande, ndipo ipikwe. Akaikoroga vizuri kabisa. Hata kijiti alikiosha kwanza.

Nikaipeleka Homa Bay hivyohivyo, nikiomba Mungu njia nzima. Daktari akainua kichupa dirishani, akatikisa kichwa. Hiyo haisomeki. Nilimsihi mpaka nikaona haya, akasema basi, atakuja Ijumaa mapema.

Ijumaa jua linachomoza, kamba ilikuwa shingoni tayari. Nikamwambia baba daktari yuko njiani. Akasema amechoka na vichupa vya watu. Nikashika kamba, naye hakuiachia. Ng'ombe katikati yetu anatafuna tu, kama vile si yeye anayezungumziwa.

Nyanya akatoka jikoni. Sikuwahi kumsikia akikiri kosa mbele ya mwanawe.

"Mwanangu, mkono ulioharibu ni huu. Mchape mamako, ng'ombe mwache."

Baba akamgeukia.

"Nitakuchapaje, mama, na uji hujanipa?"

Akaachia kamba.

Damu ya pili, aliyoitoa daktari asubuhi hiyo, niliilinda mwenyewe, hata kuku hakusogea. Jumatano iliyofuata daktari akaniambia protini ipo, kisha akanionya nisishangilie bado, kwa kuwa viinitete vingine hufa hata baada ya hapo. Nilimfikishia baba yote mawili. Alichukua panga, akaenda kumkatia ng'ombe majani.