Dirisha Hupimwa na Watu Wawili

Nilitoka Kindu asubuhi moja bila mpango wowote. Shule nilikuwa nimeiacha mapema, kwa sababu nilichoka kuuliza maswali na kuambiwa nikae chini. Nilipanda boti hadi Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, kisha gari moshi, maana nilitaka tu kuona reli inaishia wapi. Iliishia ukingo wa kushoto wa mto, ng'ambo ya Stanleyville, kama Kisangani ilivyoitwa wakati ule. Nikavuka, nikazunguka mtaa wa Makiso nikitazama nyumba za Wabelgiji, na mbele ya nyumba moja nikasimama.

Mzee mmoja mwenye kofia nyeupe ya Kiislamu alikuwa akimwagia maji dirisha lililofungwa. Hakumwaga kama mtu anayeosha. Alimwaga chini kabisa ya fremu, akangoja, akapandisha mkebe kidogo, akangoja tena.

"Papa, dirisha iko nawaka moto?" nikamuuliza.

Hakugeuka. "Na weye, uko na kazi?"

"Hapana."

"Bon. Ingia ndani, uangalie ubao ya chini. Nikiuliza, unajibu. Usiongope."

Niliingia, nikapiga magoti mbele ya dirisha la watu nisiowajua. Sauti yake ikapita kwenye kioo: "Inaingia?"

Nikapapasa ubao. "Bado."

Mkebe ukapanda. "Inaingia?"

"Bado, papa."

Ulipofika karibu na bawaba ya juu, tone moja likachungulia, likateremka. "Inaingia!" Nikamsikia akicheka huko nje. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza ya kazi.

Mzee huyo alikuwa Asumani, kapita wa mafundi wa milango na madirisha, yaani msimamizi wetu. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na mimi sikuwa na mtu mjini, kwa hiyo tulikula pamoja, kazini na nyumbani kwake. Alinieleza kwamba ukimwaga kuanzia juu, maji yanasambaa kila mahali na hutajua ufa uko wapi. Ukianza chini na kupanda polepole, maji yenyewe yanakuonyesha. Lakini lazima mtu wa ndani awe mkweli. Wengi hujibu "bado" bila kutazama ili warudi nyumbani mapema.

Alinifundisha kukanda mastiki ya kushikia vioo kwa chaki na mafuta ya kitani, mpaka iwe laini kama unga wa chapati. Alinifundisha kupigilia ubao ulioinama nje, chini ya mlango, ili mvua itupwe mbali na kizingiti. Chini ya fremu za chuma kuna matundu madogo ya kutolea maji yaliyokwisha kuingia. Hayo hayazibwi kamwe. Na chini ya kizingiti cha dirisha, upande wa nje, alichonga kwa patasi mfereji mwembamba, ili tone likifika hapo lianguke badala ya kurudi ukutani. Mafundi wengine waliuvuta mfereji huo hadi mwisho. Yeye alikomea vidole vitatu kabla ya ukuta.

Mkuu wa majengo, Mbelgiji mrefu aliyependa kupapasa kazi kwa kidole, alimwuliza siku moja, "Asumani, mbona yako haifike mwisho?"

"Patron, ikigusa ukuta, maji itafuata ukuta."

"Ni kweli. Lakini unachelewa."

"Mvua iko nanilipa siku ingine, patron." Mbelgiji akacheka, akaenda zake.

Uhuru ulipokuja, mkuu huyo aliondoka, na nyumba nyingi zikabaki tupu. Mkuu mpya, mwenzetu aliyekuwa karani, alitukusanya na kusema, "Nyumba njo yetu sasa. Musiache zioze." Tukafanya kazi kuliko zamani: ofisi za Makiso, nyumba za reli ng'ambo ya mto, hospitali. Kisha waasi wakauteka mji. Watu wakaziba matundu ya fremu kwa matambara ili mwanga wa taa usionekane nje, na maji yakakaa humo yakila chuma. Waasi wakahamia katika nyumba nzuri nao wakatuita. Hatukuwa na uwezo wa kukataa.

Siku askari wa serikali waliporudi, tulikuwa kwenye mlango wa nyumba moja karibu na mto. Mimi ndani, kapita nje.

"Inaingia?"

"Bado."

"Inaingia?"

"Bado, papa."

Risasi zikaanza. Nikalala chini na shavu langu kwenye kizingiti, nikingoja aulize tena. Hakuuliza. Nilipothubutu kufungua, mkebe ulikuwa umelala ubavu na maji yake yalikuwa bado yanatiririka kuelekea mtoni. Yeye hakuwapo.

Nilimtafuta hospitalini, misikitini, na hata kwa wavuvi Wagenia kwenye maporomoko, maana wao huona kila kinachopita majini. Jirani mmoja alininong'oneza niache kuuliza. Kutengenezea waasi milango kulikuwa kumegeuka kosa, na kumtaja aliyeitengeneza pia.

Tangu hapo nikawa mtu wa kuhama. Nimefanya kazi Isiro, Bunia, Buta na vituo vya mashamba ya kahawa nisivyokumbuka majina yake. Kila mkuu alinipa msaidizi, na kila msaidizi alisema "bado" akitazama pembeni. Nikaacha kuwaita. Nilimwaga maji nje, nikazunguka mbio hadi ndani, nikapapasa, nikarudi nje. Wenzangu waliniita kichaa wa mkebe. Kazi yangu ilidumu, lakini nilipitisha siku nzima bila kusikia sauti ya mtu. Leo ninyi mafundi vijana mnaziba kila ufa kwa gundi ya kukamua kutoka kwenye mrija, hata yale matundu ya kutolea maji, kisha mnashangaa fremu zinaoza. Acheni maji yapate njia ya kutoka. Na tafuteni mtu wa ndani.

Magoti yalipokataa ngazi, nikaacha kazi, ila kuhama sikuacha. Asubuhi moja nikapanda boti iliyokuwa ikiteremka mto, na kwa kuwa sikuwahi kuiona Yangambi, nikashuka hapo. Bandarini muuza samaki mmoja, Mama Anzele, akaniambia ana chumba.

"Lakini dirisha moja iko nalia wakati ya mvua, papa. Nakuambia mbele ili usinitukane kisha."

Tulipofika kwake, kabla ya kuingia nilipitisha kidole chini ya kizingiti cha dirisha hilo. Mfereji ulikuwapo. Kabla ya ukuta ukakoma. Nikaweka vidole vyangu kwenye nafasi iliyobaki: vitatu. Nikajiambia fundi yeyote anaweza kufanya hivyo. Nikaomba kopo la maji, Mama Anzele akanipa, akaingia ndani na kufunga dirisha. Nikamwaga chini ya fremu bila kusema neno.

"Bado!" akasema kutoka ndani.

Nikashusha kopo. "Mama, nani alikufundisha kujibu hivyo?"

"Muzee moja wa Stanleyville, mwislamu. Alikimbia na pirogi kwa mto wakati ya vita, akapanga chumba hii kwa mama yangu. Akitengeneza dirisha, ananiweka huku."

"Yuko wapi?"

"Tulimuzika zamani, papa. Hakutaka kurudia kule. Walimuambia mutu yake ya ndani alikufa na risasi. Muzee alikuwa ananigombeza: angalia muzuri, ule hakukuwa anaongopa."

Nilisimama pale nje. Kisha nikapandisha kopo kidogo, nikamwaga.

"Inaingia?" nikauliza.

Hakuharakisha. Nilisikia kiganja chake kikipapasa ubao, kutoka kona hadi kona.

"Bado, papa."

Jioni hiyo niliingiza mzigo wangu katika chumba hicho.