Kitenge Nilichompa Mwalimu wa Tamale

Nilikwenda Houston kwa sababu mwanangu aliniita, na aliniita tukapike. Naanza na hilo msije mkadhani nimekuwa mtu wa kuzurura. Atupele ni mtoto wangu wa pekee. Baba yake alifariki tukiwa bado Mbeya, nikaja naye Texas akiwa darasa la sita, nikaogesha wazee wa watu kwenye nyumba za kutunzia wazee mpaka akamaliza chuo. Akapata kazi ya ofisini Houston, akahama. Tangu hapo tukawa watu wa simu, na simu zenyewe za haraka haraka.

Jioni moja akapiga, sauti ina furaha. "Mama, nime-register darasa la upishi. Traditional Mexican cooking, mimi na wewe. Omba off Jumamosi, please."

"Nikajifunze kupika uzee huu?"

"Just come, Mama. Utafurahi."

Nikafurahi palepale, sitaficha. Nyinyi mlioko nyumbani hamwezi kujua, lakini huku mtoto mkubwa kumwomba mama yake siku nzima ni jambo la kusimulia kazini.

Na nilikuwa na langu moyoni. Sisi Watanzania wa DeSoto, pembeni mwa Dallas, tumeishikilia desturi moja kuliko hata kanisa. Binti akichumbiwa, upande wa kijana waje na mshenga. Hata kama kijana ni Mnigeria, hata kama ni Mmarekani mweusi ambaye hajui mshenga ni nini, tunamfundisha. Wanabisha hodi, wanasimamishwa nje kidogo, wanaulizwa wamepotea njia au wanatafuta nini, mpaka wajieleze. Mama wa binti anakaa chumbani na nguo mpya, anajifanya hasikii, na wenzake sebuleni wako tayari na vigelegele. Nimekaanga maandazi ya shughuli hizo za mabinti wa watu mpaka mkono ukazoea moto. Jirani yangu Mama Gift, ambaye mabinti zake wote wameshaolewa, hunipiga begani na kusema, "Yako inakuja, Mama Atu." Nilitaka siku hiyo moja tu, mlango wangu ubishwe. Nikajisemea, huenda Atupele ananiita ili anidokeze kuna mtu.

Ijumaa nilifungasha. Mimi nimelelewa kwamba huendi kula kwa mtu mikono mitupu, awe mwalimu, awe nani. Nikachukua pakiti ya unga wa sembe, maana niliambiwa chakula chenyewe ni cha mahindi na mahindi nayajua. Kisha nikatoa kabatini kitenge cha kijani alichonitumia mdogo wangu, hakijakatwa wala kufuliwa. Nikasema hiki ni cha mwalimu, asije akasema mama yake Atupele hana adabu.

Jumamosi asubuhi nikawasha Corolla yangu na kuingia barabara kuu ya kusini. Ukitoka Dallas hukutani na kitu cha kukuzuia macho. Ni mashamba makavu, ng'ombe wamesimama mbali na uzio, mabango ya mawakili na ya makanisa. Nilikuwa naimba peke yangu. Pale Corsicana nilinunua kahawa mbaya, nikainywa bila kulalamika, na mnaonijua mnajua hiyo si kawaida yangu.

Huntsville ndiko miti inakoanza. Misonobari mirefu inakuja pande zote mbili, hewa inapata unyevu, na kando ya barabara kuna sanamu jeupe la mtu, kubwa kupita kiasi, linakutazama unavyopita. Huko huko ndiko kuna magereza, na bango linaonya usimpe mtu lifti. Nilipita nikiwaza nitavaa nini siku ya mshenga.

Houston ni jiji la kutoa jasho. Atupele alinipokea nje ya nyumba yake, akanikumbatia kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akanipeleka kwa gari lake hadi mtaa mmoja wa kaskazini wenye nyumba za chini na malori madogo yaliyoegeshwa mbele. Mwalimu anaitwa Doña Chela, yaani Bi Chela, mama mnene wa rika langu, mwenye aproni na nywele za kusuka. Anafundisha jikoni kwake kila Jumamosi. Wanafunzi wengine walikuwa mzee mmoja wa Kizungu na mkewe, wastaafu, waliokuja na kamera.

Nilimpa zawadi zangu kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo kama inavyotakiwa. Atupele akatafsiri kwa Kihispania, na nikashangaa Kihispania chake kimekuwa chepesi namna ile. Doña Chela akakikunjua kitenge, akakitazama, akaanza kulia. Akanivuta kifuani. Nikawaza, Wamexico wana moyo jamani, kitambaa tu hiki.

Tukaanza kazi. Siku hiyo tulijifunza tamale: unga wa mahindi uliokandwa kwa mafuta ya nguruwe na mchuzi wa nyama, ukapakwa kwenye maganda makavu ya mahindi yaliyolowekwa, ukatiwa nyama ya nguruwe iliyopikwa na pilipili kavu, ukafungwa na kupikwa kwa mvuke. Nikatoa sembe yangu kwa fahari. Doña Chela akaisugua kati ya vidole, akachanganya kidogo na maji ya moto, akabonyeza kiduara na kukiweka kwenye bamba la chuma. Kikapasuka vipande vitatu. Akaeleza kwamba mahindi yao huchemshwa kwanza na chokaa mpaka ganda litoke, ndipo yasagwe, na bila hivyo hayashikani.

"Chokaa hii ya kupaka ukuta?" nikauliza.

"Ya kula, Mama," Atupele akacheka. "Kila mtu ana-make hiyo mistake."

Kila mtu nani? Watu wa kubeba sembe mpaka Houston ni sisi tu.

Kuna kipimo chao kimoja kizuri. Ukishakanda, unachukua kidonge cha unga unakitupa kwenye glasi ya maji. Kikizama, rudi ukakande. Kikielea, tayari. Cha yule mzee kilizama, cha mkewe kilizama, changu kilizama mara mbili. Cha Atupele kilielea mara ya kwanza. Kisha akafungua kabati la juu bila kuuliza, akatoa sufuria kubwa ya mvuke, akatia sarafu ndani, chini kabisa, igonge maji yanapochemka na ikome yakikauka. Nilimtazama. Mtu hafungui kabati la mwalimu wake namna hiyo. Lakini nilikuwa nimeshika ganda la mahindi mkono mmoja na kijiko mkono mwingine, na nilikuwa na furaha, na mwenye furaha haulizi.

Mchana wale wastaafu waliondoka na tamale zao. Mimi nikadhani nasi tunaaga. Badala yake Doña Chela akatandika meza kubwa, akaingia ndani, na kurudi amejifunga kitenge changu begani. Mlango ukafunguliwa, akaingia mzee mmoja na kijana mrefu aliyenyolewa vizuri. Kijana akambusu Doña Chela, kisha akaja moja kwa moja kwangu, akainama, akasema kwa Kiswahili cha kukariri, "Shikamoo, Mama."

Nikamgeukia mwanangu.

"Mama, huyu ni Rubén," akasema. "Hawa ni wazazi wake. Tuna-get married."

Sikujibu shikamoo. Mungu anisamehe, sikuijibu. Mikono yangu ilikuwa bado inanuka mafuta ya nguruwe na pilipili ya nyumba ile. Kwetu mama wa binti haingii kwa wakwe kabla hawajaja kwake, achilia mbali kushika mwiko wao na kula mezani kwao. Na mimi nilikuwa nimepika, nimepiga goti, na nimetoa zawadi. Nilikaa. Nikala tamale mbili kwa sababu wote walikuwa wananitazama, na zilikuwa tamu.

Kwenye gari ndipo nilipopata sauti. "Umenileta ukweni kwa hila."

"Darasa ni la kweli, Mama. Uliona wale Wazungu."

"Atupele!"

"Ungekataa. Ningekuambia Mmexico, Mkatoliki, ungesema hapana kabla hujamwona."

"Umri wangu wote huu, lini nimekukatalia kitu bila kukusikiliza?"

Alikuwa anaendesha huku machozi yanamtoka, na nikamwambia asimamishe gari, akasimamisha kwenye kituo cha mafuta. Hapo nikamwambia ninachotaka. Sikatai Rubén. Sikatai tamale. Nataka waje DeSoto, hata kwa saa moja, na mtu wa kuwasemea, wabishe hodi kwangu, wasimame nje, waulizwe, ndipo wakaribishwe.

"Nitawaambia," akasema. "I promise."

Jumapili nilirudi. Alinipa tamale kwenye boksi la barafu, nikaziweka kiti cha nyuma. Njia ilikuwa ile ile, ila sikuimba. Kuanzia Huntsville mvua ilinyesha, na lile sanamu sikuliona kabisa. Nilikuwa na hasira, lakini nilikuwa pia na ahadi, na ahadi ilinifikisha nyumbani.

Wiki zile nilijiandaa kama mtu mwenye akili timamu. Nilipaka sebule rangi. Mama Gift akaahidi kaka yake ndiye atakayewasimamisha mlangoni, maana ana maneno. Kila Ijumaa nilimpigia Atupele, na kila Ijumaa aliniambia wanapanga. Mwishowe akapiga yeye, siku ya kazi, nikiwa kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi.

"Mama, wanasema hakuna haja."

"Haja ya nini?"

"Ya kuja. Doña Chela anasema tayari. Ulikwenda kwao, ukaleta zawadi, ukapika naye jikoni. Kwao hiyo ndiyo familia kukutana. Alishawaambia ndugu zao wote mpaka Mexico kwamba mama wa bibi harusi alikuja mwenyewe kutoka Dallas kumtoa binti. Kitenge kile atakivaa kanisani. She's so proud, Mama."

"Mimi nilimpa mwalimu."

"I know. Lakini yeye hajui hivyo."

"Na wewe ulijua, nilipokuwa napiga goti pale, na yeye analia?"

Ofisini kwao simu nyingine ilikuwa inalia na hakuna aliyeipokea.

"Nilijua, Mama."

Nikamwambia narudi kazini, nikarudi kazini.

Harusi ilifanyika Houston. Walinikalisha mbele, Doña Chela upande wa pili amevaa kijani changu, na kila tulipotazamana alishika kifua chake na kunitabasamia. Simchukii. Yeye hajanidanganya kitu. Alifungua mlango akaona mama aliyepiga goti na nguo mikononi, akapokea kwa heshima zote. Angekuwa mtu wa Mbeya, naye angepokea.

Watu wa nyumbani huniuliza nilijifunza nini kwenye safari ile. Najua kupika tamale. Najua mahindi yanahitaji chokaa na unga unahitaji kuelea, na wenzangu wa kanisani wanazisifia zangu. Mwanangu hupiga simu zaidi siku hizi, nami hupokea, na sote wawili tunazungumza kwa uangalifu.

Juzi Mama Gift alikuwa anapanga picha za mabinti zake, za mshenga, za send-off, za harusi. Akaniuliza hizi zako za kuposwa Atupele ziko wapi, walikuja lini, mbona yeye na kaka yake hawakuitwa.

"Hawakuja," nikamwambia. "Nilikwenda mimi."